Tuta Nyuma ya Chumba cha Rubani

Tarehe 8 Juni 2019, klabu ya wajenzi wa modeli za ndege ilimfukuza uanachama fundi mmoja wa meno bandia kwa kura kumi na moja dhidi ya moja, na hiyo moja ilikuwa yake mwenyewe. Kumbukumbu za mkutano zinataja sababu kuwa "mwenendo usiofaa mbele ya mgeni rasmi". Mwenendo wenyewe ulikuwa ukucha. Kwenye maonyesho ya mwaka huo, mgeni rasmi akiwa bado anatikisa kichwa kwa heshima mbele ya ndege kubwa ya rangi ya fedha iliyojengwa na Mwenyekiti, fundi yule alisogea, akafumba macho, akapitisha ukucha wa kidole chake cha mwisho juu ya mgongo wa ndege kuanzia puani. Haukufika mkiani. Ulikwama juu ya mabawa.

"Hapa kuna tuta," alisema. "Mngeweka na kibao, watu wapunguze mwendo."

Mgeni rasmi alicheka, na hilo ndilo lililokosa msamaha.

Tangu hapo wanaklabu humwita Kucha, wakidhani wamemtukana. Kwake ukucha ule ni kifaa cha kazi. Kliniki anakofanyia kazi ina vyumba vya mbele vyenye viyoyozi, picha za watu wanaocheka na madaktari waliovaa glavu, na chumba kimoja cha nyuma chenye feni inayohamisha vumbi la plasta kutoka meza moja hadi nyingine na kulirudisha. Yeye yuko cha nyuma. Vipimo vya taya humfikia vikiwa vibovu, kwa sababu madaktari wana haraka, naye huvirekebisha bila kuwaambia, kwa sababu anaona hawastahili kujua. Meno yakiwa tayari, huyafuata kwa ukucha pale jino linapoingia kwenye ufizi, macho ameyafumba.

"Ulimi wa mgonjwa hauna adabu," husema. "Unapekua kila mahali. Mimi nautangulia."

Ana miaka hamsini na tatu. Aliwahi kuolewa. "Mume wake alimrudisha," hueleza mama yake, ambaye anaishi naye, "kama bidhaa yenye kasoro. Wala hakudai risiti."

Kuhusu puti, Kucha alikuwa na imani moja, na kwa miaka yote aliyokuwa klabuni aliihubiri bila kuombwa. Modeli ya plastiki huja kwenye boksi ikiwa vipande. Ukiviunganisha, hubaki nyufa. Nyufa hujazwa puti, puti husuguliwa kwa msasa, rangi hupita juu, na mtazamaji haoni kitu. Hayo ni maelezo ya wanaklabu. Maelezo ya Kucha yalikuwa kwamba puti ni udhuru. Anayeihitaji kidogo amekosea kidogo. Anayeihitaji nyingi angefuga kuku.

Alizigawa puti kama anavyogawa watu. Ile ya tyubu, yenye harufu ya duka la rangi, aliiita mchumba: siku ya kwanza imejaa na kunyooka, baada ya mwezi imenywea na ufa umerudi ulipokuwa. Ile ya mafundi wa kunyoosha magari, inayokorogwa na dawa ya kukazia, ni shujaa juu ya bati. Juu ya plastiki humeguka pembeni kama biskuti. Ile inayokandwa kama unga kutoka vipande viwili hainywei, lakini haikubali kukonda. Ukiisugua iwe nyembamba hukatika na kuacha ukingo. Ya ukutani hakuitafutia maneno. Gundi ya haraka iliyochanganywa na poda ya mtoto ndiyo pekee aliyoivumilia, kwa sharti kwamba isuguliwe papo hapo, kabla haijawa jiwe. Ukienda kupokea simu, umeshaliwa.

Mwenyekiti naye alikuwa na maoni. Ni mzee aliyestaafu umeneja katika kampuni ya bima, huvaa shati lenye nembo ya klabu hata akienda kununua mkate, na husema "kimsingi" kama watu wengine wanavyokohoa. Miezi michache kabla ya kisa cha ukucha aliwasomea wanachama mhadhara alioutoa kwenye gazeti moja la wapenzi wa modeli. Puti bora kuliko zote, alisoma, ni modeli yenyewe: chukua zile fremu zinazobaki baada ya kukata vipande, zikatekate, zitumbukize kwenye gundi nyepesi ya plastiki, ziache ziyeyuke hadi ziwe uji, ujaze ufa kwa uji huo.

"Umewahi kuupika, Mwenyekiti?" Kucha aliuliza kutoka viti vya nyuma.

"Kimsingi, nadharia yake..."

"Mimi nimeulizia sufuria."

Hakuwahi kuupika. Kila mtu ukumbini alijua anatumia puti ya magari, na anaipaka kwa kijiko.

Kucha alitoka klabuni, ndege ya fedha ikapanda cheo. Uwanja wa ndege ulikuwa umekarabati ukumbi wa kuondokea na kuweka kabati la kioo, na klabu iliombwa kulijaza. Utaratibu uliowekwa ni kwamba modeli bora kwenye maonyesho ya kila mwaka, iwe ya mwanachama au ya mtu baki, hukaa kabatini hadi itakaposhindwa na nyingine. Majaji ni mafundi wawili kutoka karakana ya uwanja. Ndege ya Mwenyekiti iliingia mwaka ule na haikutoka, kwa kuwa ndiyo kubwa, na kwa majaji waliochoka ukubwa ni hoja.

Mama yake Kucha aliiona siku alipokwenda kumsindikiza mjukuu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa amesafisha ndege za aina ile, za shirika lililotajwa kwenye kadi ya kabatini: viti, vyoo, makombo. Alisoma kadi, akalizunguka kabati, akarudi mbele.

"Ndoo yangu ingekaa wapi?" aliuliza.

Nyuma ya chumba cha rubani kwenye ndege zile kulikuwa na kijisehemu chenye upana wa mlango, ambamo marubani walitundika makoti. Mama aliweka ndoo yake humo, chini ya makoti, kwa miaka mingi. Shirika lilitumia ndege za pua ndefu. Kiwanda cha modeli kilitengeneza za pua fupi, zisizo na kijisehemu hicho, naye Mwenyekiti akajenga alichouziwa na kubandika jina la shirika.

"Huyu aliyeijenga aliwahi kuipanda?" mama aliuliza.

"Daraja la kwanza," alisema Kucha.

"Ndiyo maana."

Kwa miaka kadhaa jambo hilo lilibaki mzaha wa sebuleni. Mwaka huu kaka mkubwa wa Kucha, anayeishi ng'ambo karibu na hospitali nzuri, aliamua kwamba mama ahamie kwake. Mama ana miaka themanini na moja, na kwa umri huo hakuna anayejidanganya kuhusu tiketi ya kurudi. Safari ilipangwa wiki moja baada ya maonyesho ya klabu. Angepita mbele ya kabati lile mara moja, begi mkononi, na kwa mara ya mwisho.

Kucha hakumwahidi kitu. Alishusha tu kutoka juu ya kabati la nguo maboksi mawili ya ndege ileile, aliyokuwa ameyanunua duka la modeli lilipofungwa. La kwanza lingekuwa ndege. La pili lingekatwa litoe kipande cha kurefusha pua, upana wa ndoo kwa vipimo vya modeli. Mama alivuta kiti karibu na meza, akaweka miguu juu ya stuli, akawa msimamizi.

Kucha alikata kwa msumeno mwembamba wa sonara. Kazi ilikuwa safi kiasi kwamba aliipuliza vumbi kwa majivuno. Fremu zilizobaki, ule mti wa plastiki unaoshikilia vipande kama matawi yanavyoshika majani, alizitupa siku ileile, kwa sababu huwa hakai na takataka na huwadharau wanaokaa nazo. Kisha akaunganisha. Maboksi mawili ya kiwanda kimoja yalikuwa yamepishana unene wa unywele. Kuzunguka shingo ya ndege, nyuma ya chumba cha rubani, palibaki kingo mbili, na hakuna ustadi wa kuziondoa. Ilibidi pajazwe.

Mtu aliyezidharau puti zote sasa alitakiwa kuchagua moja, naye alichagua kwa namna ambayo fundi wa meno peke yake angeweza. Alileta ya kazini: unga na maji yake, vile vinavyochanganywa kutengeneza ufizi bandia. Vinang'ata plastiki, havinywei kiasi cha kuonekana, vinakauka ukiwa umekaa hapohapo. Kwa nini watu wazima waliteseka miaka yote na tyubu za harufu wakati kitu hiki kipo? Kwa sababu ni wajinga, alijijibu. Hakukijaribu kwanza kwenye kipande kibovu. Mtu hujaribu kitu asichokijua. Alipaka, na ndege ikavaa mkufu wa rangi ya waridi shingoni. Wiki hiyo alipiga mluzi kazini, jambo lililowatia wasiwasi madaktari.

Kisha akaanza kusugua.

Ufizi bandia umetengenezwa kustahimili mifupa ya kuku na punje za mchanga kwenye wali. Plastiki ya kiwanda kile ni laini kama sabuni ya kufulia. Msasa ulikula sabuni pande zote mbili na kuuacha mkufu umesimama. Aliposugua zaidi, plastiki ilishuka zaidi na mkufu ukazidi kupanda. Alipulizia rangi ya fedha ya majaribio, na kwa macho ilionekana nzuri. Akafumba macho, akapitisha ukucha kuanzia puani. Ulikwama nyuma ya chumba cha rubani.

"Umesikia nini?" mama aliuliza kutoka kwenye kiti.

"Tuta."

"Kubwa?"

"La unywele."

"Sasa nani ataliona?"

"Si la kuonwa, mama."

"Ng'ombe haelemewi na nunduye," alisema mama. "Wewe hata ya unywele inakulemea. Ila ya mwenzio uliitangaza mbele ya mgeni rasmi."

Kucha aliiweka ndege mezani. Alikuwa ameshaelewa kosa, na lilikuwa la kipumbavu kwa sababu lilikuwa wazi. Tatizo halikuwa puti kunywea, wala kumeguka, wala harufu. Puti ngumu kuliko jirani yake hubaki juu, na iliyo laini kuliko jirani yake hubaki chini. Anayetaka ukucha upite lazima ajaze ufa kwa kitu chenye ugumu uleule wa plastiki, na kitu hicho ni kimoja tu, plastiki yenyewe. Tena alikumbuka vizuri ni nani aliyelisoma hilo mbele ya watu, na ni nani aliyemuuliza kuhusu sufuria. Aliyelisema alikuwa mjinga, na mjinga alikuwa amepatia. Kucha hakuweza kuamua lipi kati ya hayo mawili lilimuudhi zaidi.

Uji ulihitaji fremu, na fremu za maboksi yake zilikuwa zimekwenda na gari la taka. Alijaribu za boksi jipya kutoka duka la watoto. Plastiki yake ilikuwa ngumu kama kitana. Kiwanda kile cha zamani kilishafungwa. Alimfahamu mtu mmoja tu aliyejenga ndege hiyo na ambaye, kwa ushahidi wa kila aliyewahi kuingia nyumbani kwake, hajawahi kutupa kitu.

"Nenda," alisema mama. "Mdharau mwiba, mguu huota tende. Nawe mguu umeshavimba."

Mlango ulifunguliwa na mke wa Mwenyekiti. Alimtazama mgeni juu hadi chini, na safari haikuwa ndefu.

"Ndiye Kucha huyu?" alimuuliza mumewe aliyekuwa ndani. "Mbona kafupi? Nilivyosimuliwa nilitegemea jitu."

"Shikamoo, Mwenyekiti," alisema Kucha.

"Marahaba. Kimsingi, sikukutegemea."

"Hata mimi."

Sebule ya Mwenyekiti ina ndege kila mahali isipokuwa kwenye makochi, na kwenye makochi kuna mito yenye picha za ndege. Zote zina matuta. Kucha aliketi, akaweka mikono mapajani, ukucha ameuficha ndani ya ngumi. Alieleza anachotaka kwa sentensi moja. Mwenyekiti aliomba airudie, si kwa kuwa hakusikia.

"Ile mada ya uji," alisema taratibu. "Uliyoiulizia sufuria."

"Hiyohiyo."

"Kimsingi, nilikuwa sahihi."

"Gazeti lilikuwa sahihi. Wewe ulisoma."

"Dada yangu, umekuja kuomba au kusahihisha?"

"Kuomba."

Ndipo akapewa mhadhara wote upya, tangu utangulizi, Mwenyekiti akiwa amesimama na mke wake akiwa ameketi kama umma. Alifika hadi shukrani. Kisha aliingia chumba cha ndani, akarudi na katoni iliyojaa fremu zilizofungwa mafungu kwa mipira, kila fungu na jina la ndege yake. Hajawahi kuzitumia. Alizitunza kwa sababu ileile inayomfanya atunze kadi za mialiko ya harusi za watu walioachana.

"Watu hula nyama wakatupa mifupa," alisema. "Kimsingi, supu iko mifupani."

"Basi nipe mfupa nikapike."

Mwenyekiti alilishika fungu aliloombwa bila kulinyoosha. "Unajenga ndege gani?"

"Hiyo yako. Ila na pua yake halisi."

"Yangu nimefuata maelekezo ya kwenye boksi."

"Ndilo kosa lake."

Mtu yeyote angeelewa kilichokuwa mkononi mwa mzee yule: fungu la takataka ambalo, akilitoa, litaiondoa ndege yake kabatini. Mtu mkubwa angelitoa kwa ukarimu, na mtu mdogo angelirudisha kwenye katoni. Mwenyekiti alitafuta njia ya tatu, akaipata.

"Nakupa," alisema. "Lakini ukishinda, kadi ya kabatini itaje mchango wangu."

"Mchango gani?"

"Puti."

"Hakuna kadi duniani inayotaja puti, mzee. Kazi ya puti ni kutojulikana kama ipo."

"Hii itataja."

Mkewe alianza kucheka, akajifanya anakohoa. Kucha alimfikiria mama yake amesimama mbele ya kioo na begi lake, akiitafutia ndoo mahali. Alinyoosha mkono, wenye ukucha.

"Andika unavyotaka," alisema.

Mkufu wa waridi aliutoa kwa msumeno, akautupa pamoja na plastiki ya pembeni aliyokwisha kuiharibu, akatengeneza kingo upya. Fremu za Mwenyekiti alizikatakata ndani ya kichupa cha glasi chenye gundi, akakifunga, akakitikisa kila alipopita. Uji ulipokuwa mzito kama asali aliujaza kwa tabaka, tabaka moja likikauka ndipo alipoweka jingine, kwa sababu uji huo ukiharakishwa hufanya mapovu ndani, na povu likipasuka chini ya msasa ni shimo jipya. Ilichukua wiki nyingi. Mama aliulaani ule uvundo, akafungua dirisha, akaendelea kukaa.

Msasa ulipopita safari hii, ulikula kila kitu sawasawa. Kucha alifumba macho mara tatu na mara tatu ukucha ukafika mkiani. Mama alitaka kujaribu naye, akapitisha dole gumba.

"Sisikii kitu," alisema.

"Ndiyo kazi yenyewe."

"Kazi yote hii usisikie kitu. Hata kufagia kuna faida zaidi."

Kwenye maonyesho ndege ya pua ndefu iliwekwa mezani kando ya ile ya pua fupi iliyoshushwa kutoka kabatini. Majaji wawili wa karakana, ambao kwa miaka mitano walikuwa wametia saini bila kuinama, waliinama. Mmoja wao alikuwa na umri wa kutosha kuikumbuka ndege yenyewe. Alichungulia dirisha la pili, akamwonyesha mwenzake kwa kidole mahali pa makoti, na hapo mambo yakaisha. Mwenyekiti, mbele ya mgeni rasmi mpya, aliomba nafasi ya kuikagua. Alifumba macho, akapitisha kidole kuanzia puani hadi mkiani kwa taratibu za kanisani, akatangaza kwamba hakuna tuta. Yeye hukata kucha hadi nyama. Asingesikia hata ngazi.

Kadi aliipiga chapa mwenyewe. Juu kuna jina la ndege na la shirika. Chini yake kuna jina la Kucha, lile la kwenye cheti, kwa herufi za kawaida. Chini kabisa, kwa herufi zilizokolezwa, kuna neno "Puti", nukta mbili, kisha jina kamili la Mwenyekiti pamoja na cheo chake cha bima.

Ndege imekwisha kuingizwa kabatini, na mlango wa kioo umefungwa kwa ufunguo unaokaa kwa Mwenyekiti. Mama anasafiri Jumanne asubuhi. Kucha atamsindikiza hadi mbele ya kabati, atamsomea kadi yote kwa sababu mama ameshafungasha miwani, kisha atarudi kliniki, ambako taya za plasta zenye vipimo vibovu zinamngoja mezani.